Ninunue modeli ya zamani ya kifaru cha vita yenye matundu tumboni?

Swali: "Shikamoo fundi. Nimeshaunda modeli mbili za ndege, sasa nataka kifaru changu cha kwanza. Nimeona seti ya zamani ya Sherman M4A3, kifaru cha Marekani cha Vita vya Pili vya Dunia, ya kampuni ya Tamiya, kipimo cha 1/35 (ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi), inauzwa kwa kama theluthi ya bei ya Sherman mpya za kampuni nyingine. Wenzangu wananikataza. Wanasema ina matundu chini ya tumbo, cheni zake ni za mpira, na nitalazimika kununua vipande vya shaba vya kuongezea. Niichukue, au nijibane nisubiri ile mpya?"

Marahaba. Ichukue.

Wenzako hawajakudanganya. Matundu yapo, cheni ni laini kama mpira, na ukikipindua kifaru utaona mengine ambayo hawajakutajia. Tatizo ni kwamba wamezihesabu kasoro bila kuzipima uzito. Seti ya zamani huwa na kasoro za aina mbili. Zipo za umbo: kichwa, ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga, kimefinywa, bodi imepanuliwa kuliko kipimo, mwinamo wa bamba la mbele si wenyewe. Hizo huwezi kuzitibu bila kukata na kujenga upya, na mtu anayeunda kifaru cha kwanza hana kazi nazo. Halafu zipo za vitu vidogo: vishikio vilivyofinyangwa vikashikana na bodi, mtutu usio na tundu, mistari ya kulehemu iliyosahauliwa. Hizo ni kazi ya jioni tatu nne kwa waya, msasa na karatasi ya plastiki. Sherman hiyo umbo lake ni zuri. Kilichobaki ni kazi ya mikono, na mikono ndiyo unayotaka kuifunza.

Hayo matundu yana asili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tamiya walitoa modeli ya Panther, kifaru cha Ujerumani, yenye mota, inayotembea yenyewe mezani. Ukubwa wake haukutokana na hesabu ya kipimo. Walitengeneza bodi ya kutosha kumeza mota na betri, na baadaye walipopima wakakuta imeangukia karibu na 1/35. Tarakimu hiyo ya ajabu, isiyogawanyika vizuri na chochote, ndiyo leo kipimo kikuu cha vifaru duniani kote. Kwa hiyo modeli nyingi za miaka ya 1960 na 1970, na hata baadhi zilizofuata kama Sherman yako ya mwanzo wa miaka ya 1980, zina tumbo lililotobolewa kwa ajili ya swichi, skrubu na nyaya. Mota ikaondoka kwenye boksi, kalibu ikabaki vilevile. Kutengeneza kalibu ya chuma ni gharama kubwa, na iliyokwisha kulipa gharama zake huendelea kutema plastiki miaka arobaini na zaidi. Ndiyo maana seti yako ni rahisi. Si kwamba imetengenezwa ovyo.

Kabla hujatoa pesa, angalia jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawaangalii: umri wa boksi si umri wa kalibu. Kampuni hubadilisha picha ya juu, wakaweka stika mpya na namba mpya, ndani kukawa na plastiki ileile. Italeri imeuza tena vifaru vidogo vilivyokuwa vya Esci, na Revell imeuza vilivyokuwa vya Matchbox. Tovuti ya Scalemates huonyesha nasaba ya kila seti, yaani ilitoka lini mara ya kwanza na imepitia maboksi gani. Kama seti iko mkononi, geuza bodi ya chini. Mara nyingi jina la kampuni na mwaka vimefinyangwa hapo tumboni, na mwaka huo husema ukweli kuliko boksi.

Ukikosa hiyo Sherman, nitakutajia nyingine za zamani, pamoja na mitego yake. Seti ya Tamiya ya Tiger I, kifaru cha Ujerumani, ya aina iliyoundwa mwishoni mwa uzalishaji wake, ilitoka mwaka 1989; umbo lake bado linasimama karibu na seti za bei kubwa na vipande vyake vinaingiana vizuri sana. Ina mtego mmoja. Tiger za kipindi hicho zilipakwa kiwandani zimerit, ule udongo wenye mikunjo wa kuzuia mabomu ya sumaku, kuanzia Septemba 1943 hadi Septemba 1944, na plastiki ya ndani ya boksi ni laini kabisa. Utalazimika kupaka puti na kuichora mikunjo mwenyewe. Kwa kifaru cha kwanza, hapana. T-34 zao, vifaru vya Kisovieti, za katikati ya miaka ya 1970 ni nyepesi kuunda, vipande vichache, ingawa zinataka kusamehewa zaidi. Panther yao ya zamani yenye asili ya mota iache kwa wakusanyaji. Kampuni hiyohiyo ilitoa Panther G mwaka 1993, na tofauti ya bei haifikii tofauti ya kazi.

Kama meza yako ni ndogo kuna vifaru vya 1/72 na 1/76. Tiger yenye bodi ya mita 6.3 inakuwa na sentimita 18 katika 1/35, lakini katika 1/72 haifiki hata sentimita 9. Matchbox wa miaka ya 1970 waliuza vyao pamoja na kipande cha mandhari ya kukiwekea, na plastiki ya rangi mbili au tatu. Ni raha tupu. Ila usichanganye 1/72 na 1/76 kwenye ubao mmoja ukidhani hakuna atakayeona.

Turudi kwenye Sherman. Ukishaifungua, osha fremu zote, yaani vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande, kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana kalibu hupakwa mafuta ili plastiki iachie na mafuta hayo hukataa rangi. Kisha, kabla ya gundi yoyote, shikiza bodi ya juu juu ya ile ya chini kwa utepe wa karatasi, ipindue na uangalie kutoka chini. Utaona jambo ambalo wenzako hawajakuambia. Ile sehemu ya bodi inayotokeza juu ya cheni haina sakafu. Unaangalia moja kwa moja hadi ndani ya kifaru. Kwangu mimi hii ndiyo kasoro kubwa ya seti hiyo, kubwa kuliko matundu ya tumbo, kwa sababu matundu hayaonekani kifaru kikisimama, lakini uwazi huu huonekana ukikitazama kwa chini kidogo kutoka nyuma au mbele.

Dawa yake ni karatasi ya plastiki ya unene wa milimita 0.5. Kata kwanza kiolezo cha karatasi ya kawaida, kijaribu, kipunguze, kijaribu tena, ndipo uhamishie umbo kwenye plastiki. Bandika vipande vidogo vya fremu ndani ya kuta za bodi ya juu kama vishikilio, kisha laza sakafu juu yake. Haihitaji kuwa nzuri. Ikipakwa rangi na kufunikwa na cheni, mtu ataona giza la kawaida tu. Ukiwa na karatasi hiyohiyo mkononi, ziba na matundu ya tumbo kwa ndani, jaza puti kwa nje, piga msasa. Nusu saa. Fanya haya yote kabla ya kufunga bodi mbili, maana ukishazifunga mkono hauingii tena.

Magurudumu ya Sherman yamepangwa mawili mawili kwenye bogi, yaani kishikilio cha magurudumu, tatu kila upande. Ukishazibandika, simamisha bodi juu ya kioo au kigae kilichonyooka wakati gundi bado ni mbichi na uhakikishe magurudumu yote kumi na mawili yanagusa. Gurudumu linaloelea hewani ni kosa la mwanzo linaloonekana kuliko yote, na waliotoka kwenye ndege hawalitarajii, kwa sababu ndege ina matairi matatu na matatu siku zote hugusa chini. Shughulikia pia ukingo wa nje wa kila gurudumu: futa mshono wa kalibu kwa msasa laini. Inachosha. Weka redio.

Sasa umbile la chuma, na hapa Sherman inafundisha kuliko kifaru kingine chochote. M4A3 ina bodi ya mabamba yaliyolehemewa, lakini kichwa chake ni cha chuma cha kumimina. M4A1 ndiyo iliyokuwa na bodi nzima ya kumimina, yenye mabega ya mviringo. Kwa hiyo katika modeli yako kichwa kinatakiwa kiwe na vivimbe kama ngozi ya chungwa, na bodi iwe nyororo yenye mistari ya kulehemu kwenye maungio. Kalibu za zamani hufanya vyote viwili kuwa laini sawasawa, na huo ulaini ndio unaoifanya modeli ionekane mwanasesere hata kama rangi yake ni ya ustadi. Paka kichwa gundi nyepesi ya majimaji, sehemu ndogo ndogo, na kabla haijakauka ichomechome kwa brashi kuukuu yenye nywele fupi ngumu. Plastiki iliyolainika itanyanyuka vivimbe vidogo. Ukihisi umezidisha, subiri ikauke usiku kucha, piga msasa kidogo. Fanya hivyohivyo kwenye kifuniko cha gia pale mbele chini, kama cha seti yako ni kipande kimoja cha mviringo, kwa sababu nacho kilikuwa cha kumimina.

Kwa mistari ya kulehemu utahitaji uzi wa plastiki. Shika kipande cha fremu juu ya mshumaa hadi kilainike, kitoe motoni, kivute pande mbili taratibu. Kitakuwa chembamba kama uzi wa kushonea. Laza uzi huo kwenye ungio, upake gundi nyepesi, subiri dakika moja, kisha ubonyeze kwa ncha ya kisu, alama ndogo ndogo zikifuatana. Nilipojifunza kazi hii nilikuwa nabonyeza mapema mno na uzi unageuka uji. Dakika moja kweli, kwa saa.

Mtutu wa nusu mbili hauna ujanja: bandika, acha siku nzima, futa mshono kwa kuzungusha msasa, usiusugue upande mmoja ukageuka yai. Mzinga wa Sherman hiyo ni wa milimita 75, na ukigawanya kwa 35 unapata 2.14, hivyo tundu la mdomo chimba kwa keekee ya mkono ya milimita 2. Anza na ncha ya sindano katikati kabisa. Bunduki za rashasha usizichimbe. Tundu lake katika kipimo hiki ni robo ya milimita, nukta ya rangi nyeusi inatosha.

Kuhusu vipande vya shaba, vile bamba vilivyochongwa kwa tindikali: usinunue. Sivichukii, vipo kwenye modeli zangu nyingi. Lakini kuvikunja na kuvibandika ni fani nyingine, na bei yake mara nyingi inakaribia bei ya seti yenyewe. Kanuni yangu ni kwamba nyongeza zote zikifika nusu ya bei ya seti ya zamani, ninasimama. Zikifikia bei nzima, umenunua ile seti mpya kwa njia ndefu. Waya wa shaba wa milimita 0.5 utokao kwenye kebo iliyotupwa utakupa vishikio na pete za kunyanyulia, na ukiuzidisha kwa 35 unapata unene wa milimita 17.5, unaofaa kabisa kwa kishikio cha chuma. Kwangua kile kilichofinyangwa, toboa vitundu viwili, ingiza waya, tia tone la supaglu kwa ndani. Kinga za taa za mbele ambazo kalibu imezifanya nene kama ukuta, zipunguze kingo kwa msasa. Jicho hupima ukingo tu, halijui unene uliofichika nyuma yake.

Utakutana na watu watakaokuambia kofia fulani ya kichwa cha kifaru haiendi na kioo fulani cha kuchungulia. Sherman zaidi ya 49,000 zilitengenezwa kati ya 1942 na 1945 katika viwanda vingi, zikakarabatiwa, zikabadilishiwa vipuri karakana za nyuma ya mstari wa vita. Chagua picha moja ya kifaru halisi, ifuate hiyo, na mjadala umekwisha.

Sasa cheni, maana najua ndizo zilizokutisha. Hapa una bahati kuliko anayeanza na Tiger au T-34. Cheni ya vifaru hivyo viwili hulala juu ya magurudumu kwa uzito wake na kupinda katikati, na cheni ya mpira hukaa imenyooka kama mkanda, ikionekana ya uongo kutoka mbali. Cheni ya Sherman hupita juu ya rola na huwa imekazwa. Mkanda wa mpira uliokazwa unafanana nayo. Seti mpya zitakupa viungo vya kuunganisha kimoja kimoja, 79 kila upande, jumla 158, na kila kimoja huenda kikawa na vipande kadhaa. Kwa kifaru cha kwanza hiyo ni adhabu.

Ila mpira una tabia mbili za kujua. Ya kwanza, gundi ya plastiki haiushiki kwenye seti nyingi za zamani. Kwenye ncha utaona vijiti vidogo na vitundu. Pitisha vijiti, kisha vibonyeze kwa bisibisi iliyopashwa moto hadi viyeyuke na kutandaa kama kichwa cha ribiti. Ukiogopa moto, shona kwa uzi mweusi. Ungio liwe chini, nyuma ya gurudumu, mahali ambapo vumbi na matope vitalificha. Ya pili ni mbaya zaidi: mafuta yanayofanya mpira uwe laini huhama polepole, na yakikutana na plastiki tupu huila. Niliwahi kuhifadhi seti miaka kadhaa, cheni zimelala juu ya fremu ya magurudumu. Nilipofungua boksi, magurudumu manne yalikuwa na meno ya cheni yamechorwa ndani yake kama nyayo kwenye saruji mbichi. Kwa hiyo siku utakayoleta boksi nyumbani, toa cheni uziweke kwenye mfuko wake peke yake. Na magurudumu yapakwe praima na rangi yakauke kabisa kabla cheni haijayagusa.

Cheni iliyo fupi kidogo huvuta gurudumu la meno la mbele na lile la kukazia la nyuma yakainama kuelekeana. Bandika ekseli zake kwa gundi ya kutosha na uziache siku mbili kabla ya kuvisha. Ikiwa bado inavuta, ipashe kwa maji ya moto, si ya kuchemka, uinyooshe polepole. Rangi ya akriliki ndiyo inayonyumbuka pamoja na mpira. Ya mafuta ikipakwa nene hupasuka, au hubaki inanata.

Rangi ya gari zima sitakaa sana, kwa kuwa ndege zimekufundisha. Praima ya kijivu kwanza, itakuonyesha mishono uliyoikosa. Kijani kibichi cha mzeituni cha jeshi la Marekani kikipakwa kama kilivyo kwenye chupa huonekana cheusi kwenye kitu kidogo. Kiongezee rangi ya mchanga kidogo, na mabamba yanayotazama juu uyapake iliyo nyepesi zaidi ya yale ya ubavuni. Baadaye rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana ipenyezwe kwenye maungio, kisha brashi kavu juu ya ile ngozi ya chungwa uliyohangaika kuitengeneza. Hapo ndipo utakapoona kwa nini nilikusumbua nayo. Puliza sehemu yenye hewa inayopita, na vaa barakoa ya kuzuia mvuke, hata kama ni kopo la kunyunyizia.

Stika za maji za boksi la zamani huwa zimegeuka manjano. Zitie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, uubandike kwenye dirisha lenye jua kwa wiki moja au mbili. Umanjano mwingi huondoka. Lakini kabla ya kutumia nyota kubwa ya ubavuni, chovya kwanza ile usiyoihitaji. Ikivunjika vipande majini, nyunyizia karatasi nzima vanishi inayong'aa, ikauke, kisha kata kila stika karibu na ukingo wake. Zikikataa kabisa, nyota nyeupe ni rahisi kuchorwa kwa kiolezo cha utepe, na jeshi lenyewe lilizipaka kwa violezo.

Kama ndani ya boksi kuna kamanda wa plastiki, mtazame uso. Wachongaji wa miaka ile walikuwa hodari kwa vyuma kuliko kwa pua za watu. Asipokuridhisha, mweke kando na umfunge mfuniko wa kichwa.